Namna 49 za Kuvunja Noti ya Elfu: Somo la Chenji kwa Maduka ya Ushirika

Somo hili limekusudiwa kwa makatibu, wauzaji na wanachama wa vyama vyenye maduka. Halihitaji elimu zaidi ya kujumlisha, kutoa na kugawanya. Laweza kusomwa na mtu mmoja, lakini lafaa zaidi likisomwa katika kikundi, kila mmoja akiwa na karatasi na kalamu, na sarafu chache zikiwa mezani.

1. Tatizo lenyewe

Na uchukuliwe mfano wa duka la chama lililo pembezoni mwa Temeke, katika njia iendayo Mbagala. Ni saa moja asubuhi. Mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, anunua chumvi na kiberiti kwa jumla ya shilingi 400, naye atoa noti ya shilingi 1,000. Anadai chenji ya shilingi 600. Muuzaji afungua droo na kukuta sarafu moja ya shilingi 500 na sarafu tatu za shilingi 200. Sarafu za 100 na za 50 zimekwisha tangu jana. Muuzaji aishika ile ya 500, kisha atafuta ya 100 wala haioni.

"Mama, chenji hakuna. Pokea hii mia tano. Ile mia nyingine uifuate jioni, au nikupe pipi."

"Mwanangu, pipi sikuja kununua," ajibu mama yule. Lakini watu wamepanga foleni nyuma yake, naye aondoka na pipi zake.

Chenji ilikuwamo ndani ya droo. Sarafu tatu za 200 ni shilingi 600 kamili. Muuzaji hakuwa na nia mbaya. Alijua namna moja tu ya kuifikia 600, na namna hiyo iliposhindikana akadhani kwamba zote zimeshindikana.

Shilingi 100 yaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini mwanachama akipunjwa hata shilingi 50 tu kila siku, kwa siku 300 za mwaka amepoteza shilingi 15,000. Wanachama 40 wakipunjwa hivyo, ni shilingi 600,000. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo haba na haba hukimwaga.

Katika duka la ushirika jambo hili ni zito kuliko katika duka la mtu binafsi. Tangu wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, kanuni ya maduka ya ushirika imekuwa kwamba ziada humrudia mwanachama kwa kadiri ya manunuzi yake. Chenji isiyorudishwa haiandikwi katika manunuzi ya mtu yeyote, na kwa hiyo haina njia ya kumrudia aliyeipoteza.

2. Sarafu zilizopo

Sarafu zinazotumika sokoni leo ni nne: ya shilingi 50 yenye picha ya faru na ndama wake, ya shilingi 100 yenye swala, ya shilingi 200 yenye simba, na ya shilingi 500 yenye nyati, ambayo Benki Kuu ya Tanzania iliitoa mwaka 2014. Swali la somo hili ni moja: kiasi fulani cha fedha chaweza kulipwa kwa sarafu hizo kwa namna ngapi?

Namna mbili huhesabiwa kuwa tofauti iwapo idadi ya sarafu za aina fulani si sawa. Mpangilio wa kuzitoa mkononi haujali. Kutoa 100 kwanza kisha 50, au 50 kwanza kisha 100, ni namna ile ile moja.

Shilingi 200, kwa mfano, zina namna nne: sarafu moja ya 200, mbili za 100, moja ya 100 na mbili za 50, au nne za 50. Kwa kiasi kidogo kama hicho mtu aweza kuzipata zote kwa kubahatisha. Kwa kiasi kikubwa, anayebahatisha husahau baadhi, na nyingine huzihesabu mara mbili. Kwa hiyo utaratibu wahitajika.

3. Utaratibu wa kuhesabu

Hatua ya kwanza ni sarafu za 50 na 100 peke yake. Hapa kanuni ni rahisi. Gawanya kiasi chako kwa 100, acha baki, kisha ongeza moja. Shilingi 300 hugawanyika kwa 100 mara tatu. Ongeza moja, jibu ni namna nne. Sababu yake ni kwamba waweza kutumia sarafu tatu za 100, au mbili, au moja, au usitumie hata moja, na kila mara pengo lililobaki hujazwa kwa sarafu za 50 kwa namna moja tu.

Hatua ya pili ni kuingiza sarafu ya 200. Anza na idadi kubwa kabisa ya sarafu za 200 inayowezekana, kisha shuka moja moja hadi sifuri. Katika kila ngazi, tazama kiasi kilichobaki na utumie kanuni ya hatua ya kwanza. Kwa shilingi 500:

Sarafu mbili za 200: zabaki 100, namna 2.
Sarafu moja ya 200: zabaki 300, namna 4.
Bila sarafu ya 200: zabaki 500, namna 6.
Jumla: namna 12.

Msomaji aziandike zote 12 kwenye karatasi ili ajiridhishe. Ukiongeza na ile ya kutoa sarafu moja ya 500, shilingi 500 zina namna 13.

Faida ya utaratibu huu ni kwamba hakuna namna iwezayo kujificha. Kila namna ina idadi yake ya sarafu za 200, nayo itapatikana katika ngazi yake na si katika ngazi nyingine. Hivyo hakuna inayosahauliwa wala inayohesabiwa mara mbili. Ndivyo katibu mwangalifu apangavyo stakabadhi zake: kwanza kwa mwezi, kisha kwa tarehe, kisha kwa namba.

4. Noti ya elfu moja

Sasa na ivunjwe noti ya 1,000 kwa sarafu tupu. Kwanza, bila kutumia sarafu ya 500:

Sarafu tano za 200: hazibaki kitu, namna 1.
Sarafu nne za 200: zabaki 200, namna 3.
Sarafu tatu za 200: zabaki 400, namna 5.
Sarafu mbili za 200: zabaki 600, namna 7.
Sarafu moja ya 200: zabaki 800, namna 9.
Bila sarafu ya 200: zabaki 1,000, namna 11.
Jumla: namna 36.

Pili, kwa kutumia sarafu moja ya 500. Zabaki 500, nazo zimekwisha kuhesabiwa hapo juu bila sarafu ya 500: namna 12.

Tatu, kwa sarafu mbili za 500: namna 1.

Jumla kuu ni 36 na 12 na 1, yaani namna 49.

Msomaji atazame jinsi kazi ya shilingi 500 ilivyotumika tena katika shilingi 1,000. Aliyehesabu vizuri kiasi kidogo amekwisha kufanya sehemu ya kazi ya kiasi kikubwa.

5. Kumbukumbu ya senti

Wazee wa Kinondoni na Temeke wanakumbuka fedha za aina nyingine. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake mwaka 1966, na sarafu zake za kwanza zilikuwa za senti 5, senti 20, senti 50 na shilingi moja. Ile ya senti 5 ilikuwa na samaki, ya senti 20 mbuni, ya senti 50 sungura, na ya shilingi ilikuwa na mwenge. Senti 50 waliiita thumuni. Mwaka 1977 ikaongezwa sarafu ya senti 10 yenye pundamilia.

Shilingi moja, yaani senti 100, iliweza kuvunjwa kwa namna ngapi? Kwa zile sarafu za 1966 hesabu ni hii. Bila thumuni, zaweza kutumika sarafu za senti 20 tano, nne, tatu, mbili, moja au sifuri, na pengo likajazwa kwa senti tano tano: namna 6. Kwa thumuni moja zabaki senti 50. Zaweza kutumika sarafu mbili za senti 20, au moja, au sifuri: namna 3. Kwa thumuni mbili: namna 1. Jumla ni namna 10.

Ilipoingia sarafu ya senti 10, idadi ilipanda ghafla kutoka 10 hadi 49. Nambari 49 ni ile ile ya noti ya elfu ya leo, wala si kwa bahati. Senti 5, 10, 20 na 50 zina uwiano ule ule uliopo baina ya shilingi 50, 100, 200 na 500, na senti 100 za shilingi zina uwiano na senti 5 sawasawa na shilingi 1,000 kwa shilingi 50. Bei zimepanda na senti zimetoweka madukani, lakini hesabu ya chenji haikubadilika. Bibi aliyejua kuvunja shilingi mwaka 1978 aweza kumfundisha mjukuu wake kuvunja noti ya elfu leo.

Hapo pana funzo la pili. Sarafu moja ya kati ikikosekana, namna zinapungua mno. Duka la leo likiishiwa sarafu za 100, limerudi katika hali ya miaka ya kabla ya 1977: katika namna 49 zimebaki 10 tu. Ndiyo maana sarafu ya 100, isiyo kubwa wala ndogo, ndiyo ya kutunzwa zaidi katika droo.

Swali hili la kuhesabu namna si geni duniani. Mtaalamu wa hesabu Leonhard Euler alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1748 jinsi ya kuhesabu njia za kugawa namba katika mafungu, nalo ni swali la jamii hiyo hiyo. Mwaka 1956 George Pólya aliuliza dola moja ya Marekani yaweza kuvunjwa kwa namna ngapi kwa sarafu za senti 1, 5, 10, 25 na 50. Jibu ni 292. Utaratibu uletao jibu hilo ni ule ule wa kushuka ngazi kwa ngazi.

6. Kazi yake dukani

Wauzaji wengi hufuata kanuni ya kuanza na sarafu kubwa. Ni kanuni njema. Sarafu za aina zote nne zikiwapo, huleta chenji kwa sarafu chache kabisa. Lakini droo ikipungukiwa, kanuni hiyo hudanganya. Katika mfano wa mwanzo, kuanza na sarafu ya 500 kulimfikisha muuzaji mahali pasipo na njia, hali njia ilikuwapo kwa sarafu za 200. Ndivyo ilivyo pia kwa chenji ya 800: aliye na sarafu za 500 na 200 peke yake akianza na 500 atakwama, lakini 200 mara nne yatosha.

Kwa hiyo muuzaji afunzwe mambo mawili. Kwanza, asiseme "chenji hakuna" kabla ya kujaribu tena bila sarafu ya 500. Pili, amwombe mnunuzi asaidie. Mtu akinunua vitu vya 850 na kutoa noti ya 1,000, anadai 150. Kama sarafu za 50 zimekwisha, muuzaji amwulize, "Mzee, huna hamsini?" Akiongeza 50, chenji yake inakuwa 200, sarafu moja tu, na droo imepata sarafu ya 50 kwa ajili ya mteja afuataye.

Lipo swali jingine: duka lifunguliwe asubuhi na sarafu zipi? Iwapo bei zote hugawanyika kwa 50, mnunuzi mwenye noti ya 1,000 aweza kudai chenji ya 50, 100, 150, na kuendelea hadi 950. Hivyo ni viasi 19. Seti ndogo kabisa iwezayo kulipa chochote kati ya hivyo ni sarafu tano: moja ya 500, moja ya 200, mbili za 100 na moja ya 50. Jumla yake ni shilingi 950. Msomaji ajaribu kiasi apendacho. 450, kwa mfano, ni 200 na 100 na 100 na 50.

Sarafu nne haziwezi, hata zichaguliwe vipi. Kila sarafu ama hutolewa ama hubaki. Kwa sarafu nne kuna hali 2 mara 2 mara 2 mara 2, yaani 16, na moja kati ya hizo ni ya kutotoa kitu. Zabaki 15, ambazo ni chache kuliko viasi 19 vinavyohitajika.

Duka linalotaka kuwahudumia wateja kumi wa kwanza bila wasiwasi, hata kama kila mmoja atakuja na noti ya elfu, lianze na seti kumi: sarafu 10 za 500, 10 za 200, 20 za 100 na 10 za 50. Jumla ni shilingi 9,500. Kwa kawaida hazitaisha zote, maana wateja wengine huleta sarafu wenyewe, na siku hizi wengine hulipa kwa simu. Duka lililo karibu na kituo cha daladala laweza pia kupatana na makondakta wabadilishe sarafu zao kwa noti jioni. Jina lenyewe la daladala, kama inavyosimuliwa, latokana na "dala", jina la mtaani la shilingi tano, iliyokuwa nauli ya mabasi ya watu binafsi jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1980. Sarafu na basi ni marafiki wa zamani.

7. Kazi yake kwa katibu

Katibu akiandika katika kitabu cha fedha taslimu kwamba fedha ya chenji ni "shilingi 1,000", ameandika ukweli nusu. Shilingi 1,000 za sarafu zaweza kuwa na sura 49. Zikiwa sarafu mbili za 500, hazimfai mteja wa kwanza anayedai 300. Zikiwa sarafu ishirini za 50, humfaa kila mteja hadi ziishe. Jumla ni moja, lakini uwezo wa kuhudumia si mmoja.

Kwa hiyo muuzaji anapokabidhiwa droo asubuhi na anapoirudisha jioni, iandikwe idadi ya kila aina ya sarafu na noti, kisha jumla, kisha sahihi za wote wawili. Karatasi hiyo yenye safu tatu, yaani aina, idadi na thamani, ni ulinzi kwa muuzaji mwaminifu kama ilivyo ulinzi kwa chama. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Chenji ambayo kweli imekosekana iandikwe pia. Liwekwe daftari dogo la chenji zinazodaiwa: tarehe, jina la mwanachama, kiasi, na sahihi siku ya kulipwa. Fedha hiyo isipoandikwa, jioni droo itakuwa na ziada isiyo na maelezo. Wako wanaofurahia ziada. Mkaguzi wa hesabu haifurahii. Ziada ya shilingi 100 isiyo na maelezo ni dalili ya kosa sawasawa na upungufu wa shilingi 100, na katika duka la ushirika ni shilingi 100 za mwanachama aliyekwenda nyumbani na pipi.

Yule mama wa mfano aliondoka bila kulalamika. Wanachama wa namna yake huwa hawaandiki barua kwa bodi wala hawasimami mkutanoni. Siku moja huacha tu kuja, wakanunua kwenye kibanda cha jirani. Chama hakitajua kamwe kwamba kilimpoteza kwa sarafu tatu za 200 zilizokuwa zimelala ndani ya droo.

8. Mazoezi

(a) Shilingi 300 zaweza kulipwa kwa namna ngapi?
(b) Shilingi 700 zaweza kulipwa kwa namna ngapi?
(c) Droo ina sarafu moja ya 500, nne za 200 na moja ya 50. Mteja anadai chenji ya 850. Je, yaweza kulipwa?
(d) La kujadiliwa na kikundi: katika duka la chama chenu, nani huamua sarafu za kuanzia asubuhi, na idadi ya kila aina huandikwa wapi?

Majibu

(a) Namna 6: kwa sarafu moja ya 200 ni namna 2, na bila sarafu ya 200 ni namna 4.
(b) Namna 24: kwa sarafu moja ya 500 zabaki 200, nazo zina namna 4, bila sarafu ya 500 ni 2 na 4 na 6 na 8, yaani 20.
(c) Yaweza. Sarafu nne za 200 na moja ya 50 ni 850. Anayeanza na ile ya 500 atakwama kwenye 100.
(d) Jibu la swali hili halimo katika kurasa hizi. Kila kikundi kilitafute katika daftari la chama chake. Na kisipolikuta humo, mkutano ujao wa bodi una agenda.